Taa za Tela na Njia ya Kurudi

Dereva haoni taa za tela lake. Anaona barabara iliyo mbele, anaona mshale wa joto na wa mafuta, anasikia flasha ya indiketa ikigonga chini ya dashibodi, basi anaamini kuwa na kule nyuma kunawaka. Anayeziona taa hizo, au anayezikosa, ni mtu mwingine kabisa: mama anayerudi kwa miguu kutoka Mwandiga, mwendesha baiskeli aliyefunga magunia ya mkaa, bodaboda mwenye abiria, dereva wa basi la Kasulu anayewahi kufika stendi ya Masanga. Ndiyo maana naiheshimu kazi ya taa za tela kuliko kazi nyingine yoyote ya umeme wa gari. Injini ikigoma, mwenye gari ndiye atakayelala njiani. Taa ya tela ikigoma, mara nyingi anayeumia ni mtu ambaye hata hajui gari hilo ni la nani.

Gungu, kwetu Kigoma, ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi hii. Gari linalotoka Kigoma mjini kwenda Manyovu, au linaloshika Kidahwe kabla ya kuchagua Kasulu ama Uvinza, hupita kwetu. Gereji zetu nyingi ni kivuli cha mwembe na kontena la kufungia spana. Magari tunayoletewa ni yale ambayo kwingine yameshakuwa vyuma chakavu: Land Rover za Series III, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, Land Cruiser za pikapu zilizobadilishwa injini, na Scania za zamani. Nyuma yake huja tela lililochomelewa hapahapa, juu ya ekseli ya gari lililokufa, likiwa na taa za aina mbili tofauti kulia na kushoto, kwa sababu hizo ndizo zilizopatikana siku hiyo.

Mizigo ya matela haya ndiyo inayoeleza magonjwa yake. Yanabeba dagaa wa Kibirizi na Katonga, madumu ya mawese, na chumvi ya Uvinza. Chumvi ile inatokana na maji ya chemchemi, na wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu walikuwa wakiyachemsha pale zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa mfanyabiashara ni riziki. Kwa waya ni sumu. Gunia likivuja kidogo, unga ukakaa kwenye kona ya bodi, mvua za Novemba zikaulowesha, shaba hugeuka kijani na chuma huanza kuvimba kutu. Mawese hayali chuma, ila hufunika. Asubuhi yameganda, jua likipanda yanatiririka na kuingia kila penye upenyo, hata ndani ya plagi, na mafuta hayapitishi umeme. Ongeza hapo mtikisiko wa barabara. Siku hizi sehemu kubwa ya njia ya Uvinza na ya Manyovu ni lami, lakini matela mengi yalizeeka zamani, wakati wa changarawe na makorongo, na nyaya zake bado zina majeraha ya enzi hizo.

Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli. Reli ilifika Kigoma 1914, na tangu hapo mji huu haujakosa watu wanaojua chuma na umeme kwa nidhamu ya kazi ya serikali: kuandika, kupima, kutoruka hatua. Sisi vijana tulimwita Mzee tu. Tela likiletwa, sote tulikimbilia taa, tukafungua vioo vyake, tukachomoa globu na kuzitazama juani. Mzee alitusimamisha kwa neno moja.

"Tenganisheni."

Kisha akaeleza, naye hakuchoka kulieleza jambo hilo kwa kila mwanafunzi mpya. "Hapa pana magari mawili, wanangu. Moja lina injini, jingine halina. Mnagusa globu ya gari la pili na hamjui kama gari la kwanza limeleta umeme. Mgonjwa ni nani?"

Kwa hiyo hatua ya kwanza tuliyofundishwa ni kuchomoa plagi ya tela na kuliacha gari peke yake. Washa taa ndogo za gari, kanyaga breki, piga indiketa kulia na kushoto, tazama taa zake lenyewe. Zikiwa sawa, nenda kwenye soketi iliyo nyuma ya gari, ukapime tundu moja baada ya jingine. Baada ya hapo ligeukie tela. Lete betri iliyojaa, weka hasi kwenye waya mweupe wa tela, kisha shika waya wa chanya uuguse kwenye pini moja moja za plagi. Njano iwashe indiketa ya kushoto, kijani indiketa ya kulia, nyekundu taa za breki, kahawia taa ndogo ya kulia, nyeusi taa ndogo ya kushoto. Muda mfupi tu, na unajua ugonjwa uko upande gani wa plagi. Nimewaona mafundi wenye akili nyingi wakipoteza mchana mzima kwa sababu hawakutaka kutoa muda huo mfupi.

Taa yenyewe ya kupimia aliifanyia sheria. Haikuwa ile testa ya umbo la bisibisi yenye kijitaa kidogo ndani. Ilikuwa globu ya breki ya wati 21, imechomekwa kwenye holda na kutolewa nyaya mbili ndefu. Na ukiwa unapima soketi ya gari, hukuruhusiwa kushika waya wa hasi kwenye bodi wala kwenye bampa. Ulitakiwa uuchomeke kwenye tundu la ethi, yaani njia ya umeme kurudi, la soketi ileile, ambalo katika soketi ya tundu saba ya volti 12 ni tundu namba 3. Nilidhani ni ushupavu wa uzee. Ilinichukua muda kuona kwamba elimu yake yote ilikuwa ndani ya sharti hilo. Ukishika ethi kwenye bodi, umepima njia ya umeme kwenda tu. Taa yako itawaka vizuri, utatangaza kwamba soketi ni nzima, na tela litabaki gizani, kwa sababu njia ya kurudi hukuigusa.

Niseme wazi ninachokiamini baada ya kazi hii yote: taa za tela zinapoumwa, ugonjwa kwa sehemu kubwa uko kwenye kurudi. Watu hufuata umeme unakotoka. Wanabadilisha swichi, fyuzi, flasha, globu, yaani kila kilicho kati ya betri na taa, halafu wanakoma hapo, kana kwamba umeme ukishaiwasha taa umemaliza safari. Haujamaliza. Lazima urudi betri, na usipopata njia ya kurudi hauendi kabisa, au unajitafutia njia nyingine.

Tela lililonifanya nilielewe hili barabara lilikuwa la mfanyabiashara wa chumvi wa Ujiji, likivutwa na Land Rover Series III ya bodi ndefu. Lilikuwa limepita kwa mafundi kadhaa. Malalamiko yake yalionekana kama ya magari matatu tofauti. Likiwa limesimama gereji, taa ndogo zote ziliwaka. Likipakiwa na kutoka, kabla ya Kidahwe taa zilizima, zikarudi, zikazima. Ukikanyaga breki, taa ya breki ya kulia haikuwaka; badala yake taa ndogo ya upande huohuo iliwaka kwa unyonge. Ukipiga indiketa ya kulia, taa ndogo za nyuma zilicheza pamoja nayo. Mwenyewe alikuwa ameanza kusema kuna mkono wa mtu. Sikumcheka. Mtu akishalipia globu, flasha na swichi ya breki, na ugonjwa uko palepale, ana haki ya kutafuta maelezo popote.

Maelezo yapo, na yanapendeza ukiyafuata polepole. Ndani ya taa ya nyuma globu ni moja yenye nyuzi mbili: uzi wa wati 5 wa taa ndogo na uzi wa wati 21 wa breki. Nyuzi zote mbili hukutana kwenye kitako cha globu, na kitako ndicho kinachogusa ethi. Sasa ethi ya taa hiyo ikatike. Unakanyaga breki, umeme unaingia kwenye uzi wa wati 21, unafika kitakoni, unakuta mlango umefungwa. Lakini pale kitakoni kuna uzi wa pili, ule wa taa ndogo, na waya wake unaelekea kwenye taa ndogo nyingine zote za gari, ambazo zenyewe zina ethi nzima. Basi umeme unapanda kinyumenyume kupitia uzi wa wati 5, unafuata waya wa taa ndogo, unashukia kwenye taa za wenzake. Kwa volti 12, uzi wa wati 21 unaowaka una ukinzani wa omu 7 hivi, na wa wati 5 una omu 29 hivi. Penye ukinzani mkubwa ndipo volti nyingi hutumika. Kwa hiyo uzi mdogo unapata mgawo mkubwa na kuwaka, na uzi wa breki uliopaswa kung'aa unabaki mweusi. Ukishaiona picha hiyo kichwani, tela linaloonekana limerogwa linakuambia lenyewe mahali pa kwenda: taa ambayo hufanya kazi isiyo yake imekosa ethi.

Nilichukua waya mrefu, ncha moja kwenye hasi ya betri ya Land Rover, ncha nyingine nikaisugulia kwenye kitako cha holda ya taa ya kulia. Breki ikawaka nyekundu kali mpaka mwenye gari akasogea kutazama. Nikauondoa waya, ikafa. Hapo hapakuwa na haja ya kubadilisha kitu chochote cha kununua.

Nikafuata waya mweupe kutoka kwenye plagi. Ulikuwa umekatwa karibu na plagi na kuzungushiwa tepu nyeusi kwa unadhifu kabisa. Aliyelitengeneza tela alitegemea chuma. Alihesabu kwamba umeme utarudi kupitia chesisi ya tela, ushuke kwenye kikombe kinachokalia tufe la kuvutia, upite kwenye tufe, uingie kwenye gari. Na kweli unarudi, siku tela likiwa jipya na kavu. Lakini tufe lile hupakwa grisi, kama inavyotakiwa, na juu ya grisi hushuka vumbi, chumvi na mawese. Likiwa limesimama, uzito unakandamiza kikombe juu ya tufe na umeme unapata upenyo. Barabara ikianza kutikisa, kikombe kinainuka na kushuka, taa zinafuata. Nimeyaona matela mengi ya namna hii tangu hapo, na yote yana tabia hiyo ya kuwa wazima gerejini na wagonjwa barabarani.

Nilipounganisha waya mweupe tena mpaka kwenye soketi, taa ziliimarika, ila hazikufikia ung'avu niliouona kwa waya wangu mrefu. Fundi aliyetangulia angeweza kuishia hapo na kulipwa. Lakini tofauti ile ilikuwa inasema bado kuna kitu, nami nikaigeukia Land Rover yenyewe. Hapa inafaa kukumbuka gari hili lilivyozaliwa. Lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, hivyo bodi ikafanywa kwa mchanganyiko wa alumini na kukalishwa juu ya chesisi ya chuma. Bodi ile ndiyo sababu Land Rover za babu zetu bado zinatembea. Lakini alumini na chuma vikigusana penye unyevu, na hasa unyevu wa chumvi, alumini huliwa. Hutoa unga mweupe, na unga ule ni ukuta mbele ya umeme. Soketi ya tela ilikuwa imefungwa kwenye kona ya bodi ya alumini, na ethi yake ilishikwa na skrubu ileile. Nyuma ya skrubu kulikuwa na unga mweupe mtupu. Taa za gari lenyewe hazikuonyesha chochote kwa sababu zilikuwa na ethi zake zenyewe.

Mawili hayo yalikuwa yamepandana, na ndiyo maana mafundi wenzangu walishindwa. Ukitibu moja, lingine linafanya tiba yako ionekane si tiba, unaivunja na kurudi kuanza upya. Nilitoa waya mnene wa ethi kutoka tundu namba 3 mpaka kwenye chesisi, mahali nilipopakwaruza kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikafunga kwa bolti na kupaka grisi juu baada ya kukaza, wala si kabla. Kisha nikaendelea mpaka hasi ya betri. Kwenye tela kila taa niliipa waya wake wa kurudi, nikaupitisha ndani ya hosi pamoja na wenzake.

Mfanyabiashara yule alinipinga kwa heshima. "Fundi, tela lote hili ni chuma. Waya wa ethi wa nini tena? Unaniongezea gharama."

"Chuma ni chako, mzee wangu, lakini kutu si mali yako," nilimjibu. "Waya huu unaununua mara moja."

Alilipa. Ninajua kwamba wengi hawalipi, na sababu yao naielewa. Waya wa kwenda unawasha kitu, unaonekana. Waya wa kurudi hauwashi kitu machoni pa mteja, na penye fedha chache hukatwa kilichoonekana hakina kazi. Mafundi nasi tumechangia kwa kuuita wa ziada.

Ule ung'avu pungufu nilioutaja ndio sehemu ya kazi ambayo ningependa kila dereva aijue. Taa inaweza kuwaka na bado isitoshe. Globu ya uzi haipungui mwanga sawasawa na volti. Inapungua kwa kasi zaidi. Volti ikipungua asilimia 10, mwanga hupungua asilimia 30 hivi. Chukua tela refu lenye waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba, mita 10 kutoka gari hadi taa. Globu mbili za breki zinavuta ampea tatu na nusu. Waya huo peke yake, kwenda tu, utakula zaidi ya volti moja. Kurudi kukila nyingine, umeshapoteza volti mbili kati ya 12, na mwanga unaomfikia bodaboda nyuma yako ni karibu nusu. Mchana, penye kivuli cha mwembe, macho hayataiona tofauti hiyo. Usiku wa mvua, kati ya Mwandiga na Kidahwe, tofauti hiyo ni mita nyingi za breki za mtu mwingine.

Hapa ndipo mita ya umeme inapowapotosha vijana. Waya wenye nyuzi nyingi ndogo unaweza kukatika nyuzi karibu zote ukabaki uzi mmoja mwembamba kuliko unywele. Ukipima kwa mita bila kuwasha taa, itasoma volti 12 na kitu, kwa sababu mita yenyewe haivuti karibu chochote. Uzi ule mmoja unatosha kuipelekea mita habari. Ila ukiuomba upitishe ampea mbili, hauwezi. Globu ya Mzee ya wati 21 iliulazimisha waya ufanye kazi, na waya mbovu ulifichuka papo hapo. Mita ina nafasi yake, nami ninayo na ninaipenda, lakini naitumia taa zikiwa zimewashwa: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye kitako cha globu inayowaka. Isome karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, njia ya kurudi ina ugonjwa. Ikisoma volti nne, usitafute tena kwingine.

Kuna matela ya aina nyingine yaliyotupa elimu tofauti. Mkoa huu umepokea wakimbizi kwa vipindi vingi. Mwaka 2015 maelfu ya Warundi walijaa kijiji cha Kagunga, MV Liemba ikawaleta Kigoma kwa safari nyingi, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Kazi kubwa kama hiyo huleta malori, na malori yakichakaa huishia mnadani. Tela la lori linalonunuliwa mnadani na kufungwa nyuma ya pikapu huja na mambo mawili. La kwanza, mfumo wake ni wa volti 24. Globu ya volti 24 ukiipa 12 inawaka, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mwanga unaobaki ni karibu sehemu moja ya kumi. Mtu anaona wekundu hafifu, anafikiri ethi, anakwaruza chuma mpaka jioni. Soma maandishi kwenye kitako cha globu kwanza. La pili ni plagi. Katika plagi za volti 24 ethi iko pini namba 1, si namba 3 kama katika zile za volti 12, na nyingine nazo zimehama. Plagi za aina hizi mbili hazikubali kuingiliana, lakini fundi akikata moja na kufunga nyingine kwa kufuata namba bila kufuata kazi ya waya, taa zitafanya kazi zisizo zake.

Rangi nazo zinahitaji uangalifu. Land Rover yenye nyaya za Lucas ina ethi nyeusi, indiketa ya kushoto kijani chenye mstari mwekundu, ya kulia kijani chenye mstari mweupe, breki kijani chenye mstari wa zambarau. Kwenye Toyota za zamani ethi ni nyeupe yenye mstari mweusi. Kwenye tela ethi ni nyeupe tupu, na nyeusi ni taa ndogo. Anayeunganisha nyeusi kwa nyeusi kati ya Land Rover na tela ameunganisha taa ndogo moja kwa moja na ethi, na umeme wa taa ndogo ukifika hapo, fyuzi itamwambia. Ikikatika fyuzi, tafadhali usiizungushie karatasi ya fedha ya sigara. Fyuzi imefanya kazi yake. Waya usio na fyuzi hupoa kwa kuungua.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo kiwe na taa, na trafiki huzikagua. Lakini tela lililosimama, taa zikiwashwa moja moja, linaweza kufaulu ukaguzi wowote na kufa kilomita chache mbele. Ninachofanya kabla ya kukabidhi kazi ni kuwasha vyote kwa pamoja: taa ndogo, breki imekanyagwa, indiketa inapiga. Ethi mbovu inaweza kubeba taa moja. Ikibebeshwa zote huelemewa, zinaanza kufifia kwa zamu. Kisha namwomba kijana apande kwenye tela arukeruke karibu na kiungo huku mimi nikiwa nyuma nikitazama. Ni kazi inayochekesha watoto wa mtaani, na ni ukaguzi bora kuliko mwingine wowote ninaoujua. Nageuza na globu zenyewe kuhakikisha zimekaa sawa. Globu ya nyuzi mbili ina vijimeno viwili vya kimo tofauti ili iingie upande mmoja tu, ila holda iliyochakaa huikubali kinyume, na hapo taa ndogo inang'aa kama breki usiku kucha, na dereva wa nyuma hajui ni lini umesimama kweli.

Mzee hakuziona taa za LED zikienea Kigoma. Sasa ziko kila duka la vipuri, na sina ugomvi nazo: zinavumilia mtikisiko, hazina uzi wa kukatika, zinaonekana mbali. Zinaleta jambo moja la kuwa makini nalo. Zinavuta mkondo mdogo mno, kiasi kwamba waya ulioliwa na chumvi mpaka ukabaki uzi mmoja bado unaziwasha vizuri. Ugonjwa unabaki ndani, unaendelea kula, mpaka siku unakatika kabisa katikati ya safari. Flasha ya zamani nayo, iliyozoea mzigo wa globu za wati 21, hukosa mzigo ikaanza kupiga haraka au kutopiga, na mtu akaenda kununua flasha juu ya waya mbovu.

Kwa hiyo tela la LED likija chini ya mwembe wetu, navua taa moja, naunganisha mahali pake globu ya wati 21, namwomba mtu akanyage breki. Uzi ukiwaka mweupe, narudisha taa ya mteja na kumruhusu aondoke. Ukiwaka mwekundu, tela halitoki, hata kama mwenyewe ananionyesha kwa kidole kwamba taa zake zote zilikuwa zinawaka.